Mtoto anaomba darubini na mfuko ni mdogo: ufanye nini?



Wiki mbili zilizopita jirani yangu hapa Kihonda alinisimamisha njiani nikitoka sokoni. Mwanawe yuko darasa la tano. Wamesoma habari za sayari, na tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki: "Mama, ninunulie darubini." Jirani ameona moja kwenye simu, shilingi elfu themanini, imeandikwa kwa maandishi makubwa kwamba inakuza mara 525. Kikoba chao kimegawana, hela ipo. "Mwenzangu," akaniuliza, "ninunue nisinunue?"

Nikamwambia asinunue hiyo. Akataka kujua sababu, na mimi nilikuwa nimebeba ndizi kichwani, nikamwahidi nitaieleza vizuri. Leo natimiza ahadi, maana najua hayuko peke yake.

Kosa langu mwenyewe

Miaka minne iliyopita binti yangu alikuwa na miaka tisa, na yeye aliomba hivyo hivyo. Nilichukua shilingi elfu tisini niliyokuwa nimeitenga kwa ajili ya sare na viatu, nikamnunulia darubini iliyokuwa ndani ya boksi zuri lenye picha ya sayari ya Zohali na pete zake, rangi zinang'aa kama kitenge kipya.

Usiku tuliisimamisha uani. Tulihangaika saa mbili nzima. Kila tukielekeza kwenye nyota, tunaona ukungu unaotikisika. Ukigusa kidogo, kila kitu kinakimbia. Mwishowe mtoto aliingia ndani akiwa kimya. Nilipomfuata kitandani akaniambia, "Mama, labda macho yangu ndiyo mabovu."

Hela iliniuma, lakini neno lile liliniuma zaidi. Mtoto akipewa kifaa kibovu hajui kwamba ni kibovu. Anadhani yeye ndiye hawezi.

Kesho yake mchana nilimkuta uani na karatasi ya maelekezo mkononi, ameshika kioo kidogo cheusi kilichokuja ndani ya boksi. "Mama, hiki ni cha kutazamia jua." Mimi nikaona sawa tu, si kimeandikwa? Bahati nzuri kaka yangu, mwalimu wa fizikia sekondari, alikuwa ametutembelea. Alimnyang'anya mpwa wake kile kioo kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Mengi ninayoyaandika leo nilifundishwa na huyo mjomba wa watoto mchana ule, tukiwa tumekaa kwenye mkeka.

Jua kwanza, mengine baadaye

Naanza na hili kwa sababu hela ikipotea hutafutwa, jicho halitafutwi.

Wengi wetu utotoni tuliwahi kuchoma karatasi kwa lenzi juani. Darubini ni lenzi ile ile, kubwa zaidi, na mahali pa karatasi pamekaa jicho la mtoto. Sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha haina hisia ya maumivu, kwa hiyo mtoto anaweza kuungua bila kupiga kelele. Anakuja kugundua baadaye kwamba katikati ya kile anachokitazama kuna doa lisiloondoka.

Kile kioo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya kutazamia ndicho cha hatari kuliko vyote. Kinakaa mahali ambapo joto la jua limeshakusanywa. Kinaweza kupasuka ghafla jicho likiwa limeshachungulia. Ukikikuta ndani ya boksi, kivunje na ukitupe mahali ambapo mtoto hatakiokota. Kichujio salama cha jua hufunika mdomo wote wa mbele wa darubini, mwanga ukichujwa kabla haujaingia, na huuzwa kwa kazi hiyo tu.

Wengine mnakumbuka tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na kubaki kama pete huko Rujewa mkoani Mbeya, watu wakasafiri kutoka pande zote kwenda kuona. Miwani maalumu iliyotumika siku ile ni ya macho matupu. Usimvalishe mtoto miwani ile kisha ukampa darubini, kwani joto lililokusanywa na darubini litaitoboa. Hili tulikumbuke pia tarehe 2 Agosti 2027, ambapo jua litafunikwa lote kwa watu wa Misri na Saudi Arabia, na sisi huku tutaona likimegwa sehemu. Siku hiyo tazama chini ya mwembe: vijitundu kati ya majani huchora ardhini vijua vingi vilivyomegwa. Hakuna gharama na hakuna hatari.

Sheria ya nyumbani kwetu ni moja: darubini haitoki kabatini mpaka jua lizame, na haitoki bila mtu mzima.

Namba kubwa kwenye boksi

Sasa turudi kwenye ile mara 525.

Kaka yangu alinieleza kwa mfano wa kuvuta picha kwenye simu. Ukiivuta kidogo unaona vizuri. Ukiendelea kuivuta, haiongezi kitu, inakuwa madoa tu. Darubini nayo ina kikomo chake, na kikomo hicho kinatokana na upana wa lenzi au kioo cha mbele, yaani kipenyo. Wazoefu hutumia kanuni rahisi: chukua kipenyo kwa milimita, zidisha kwa mbili. Hapo ndipo mwisho wa kukuza kwenye maana, tena siku ambayo anga limetulia.

Darubini yangu ya elfu tisini ilikuwa na lenzi ya milimita 50. Mwisho wake ni mara 100. Ili ukuze mara 525 kwa haki unahitaji kipenyo cha zaidi ya milimita 260, mtambo mpana kama ndoo. Kwa hiyo boksi linalojisifu kwa namba kubwa ya kukuza limekwisha kukwambia habari zake. Muuzaji makini hutaja kipenyo kwanza.

Kipenyo ndicho kinachokusanya mwanga. Ni kama bati la kukingia maji ya mvua: likiwa pana, pipa linajaa upesi. Lenzi ya milimita 70 hukusanya mwanga karibu mara mbili ya ile ya 50. Kioo cha milimita 114 hukusanya zaidi ya mara tano.

Ukitaka kujua darubini inakuza mara ngapi kweli, tafuta namba mbili. Ya kwanza ni urefu wa fokasi wa darubini, huandikwa kwenye bomba lake, kwa mfano milimita 700. Ya pili imeandikwa kwenye lenzi ndogo ya kutazamia, kwa mfano milimita 25 au 10. Gawanya. 700 kwa 25 ni mara 28. 700 kwa 10 ni mara 70. Hesabu ya darasa la tano, mwachie mtoto mwenyewe aifanye dukani mbele ya muuzaji.

Anza bila kutoa hata mia

Kabla ya kununua chochote, mpe mtoto miezi mitatu ya macho matupu. Si kumnyima. Ni kumpima kama hamu yake ni ya wiki moja au ni ya kweli, na ni kumfundisha njia, kwa sababu darubini huonyesha kipande kidogo sana cha anga. Asiyejua pa kuielekeza ataona giza hata akiwa na ya bei ya pikipiki.

Mnunulie daftari la kurasa 48. Kila siku achore mwezi ulivyo na aandike saa. Baada ya mwezi mmoja atajua mambo ambayo sisi wakubwa hatuyajui. Atafute Msalaba wa Kusini jioni za mwezi wa tano na wa sita. Atafute Nge, lile kundi lenye mkia uliojikunja, ambalo mwezi wa saba na wa nane jioni huwa juu kabisa ya vichwa vyetu. Azitofautishe nyota na sayari: nyota humemeteka, sayari mara nyingi hutulia. Simu yako ya mkononi inaweza kubeba programu ya bure kama Stellarium, unaielekeza juu inakutajia majina.

Na umeme ukikatika mtaani, badala ya kulalamika, toka na watoto nje. Dakika kumi za giza, macho yakishazoea, utaona anga ambalo Dar es Salaam hawalioni.

Hela ya kwanza: binokula

Mtoto akipita miezi mitatu na daftari bado linaandikwa, sasa tufungue pochi. Ushauri wangu unaweza kukushangaza: usinunue darubini bado. Nunua binokula, ile darubini ya macho mawili inayoshikwa mkononi.

Tafuta iliyoandikwa 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni kipenyo cha kila lenzi kwa milimita. Kwa mtoto mdogo 7x50 ni rahisi kidogo kuishika bila kutetemeka. Zikimbie zile za mfukoni zenye lenzi ndogo kama kifuniko cha soda, na zile zenye lenzi zilizopakwa rangi nyekundu ing'aayo. Nyingi ni mapambo.

Msiidharau. Galileo Galilei, Mwitalia yule aliyegundua miezi minne ya sayari ya Mshtarii, ndiyo Jupita, mwezi Januari 1610, alitumia lenzi nyembamba kuliko ya binokula ya 10x50. Ukiegemeza viwiko juu ya ukuta, au ukilala chali kwenye mkeka, utaona miezi hiyo hiyo kama vijinukta vimejipanga mstari kando ya sayari. Utaona mashimo ya mwezini, mengine mapana kuliko kreta ya Ngorongoro.

Zaidi ya hapo, binokula inafanya kazi mchana. Sisi watu wa Morogoro tuna bahati ambayo hatuihesabu. Katika misitu ya Uluguru kuna ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani, akiwemo chozi mmoja mwenye jina la kisayansi *Cinnyris loveridgei*. Watu hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kumtazama, na sisi tunapita chini ya mlima tukiangalia simu. Shule ikipanga safari ya Mikumi, mtoto mwenye binokula ndiye atakayeonyesha wenzake twiga aliye mbali. Kifaa kinachotumika mchana na usiku hakikai kabatini.

Za mitumba zipo na nyingine ni nzima kuliko mpya za bei hiyo hiyo. Kagua hivi. Itikise: ikigonga ndani, iache. Chungulia kwa upande wa lenzi kubwa ukielekeza kwenye mwanga wa dirisha: ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, iache. Tazama nguzo ya mbali kwa macho yote mawili: ukiona nguzo mbili, au kichwa kikaanza kuuma baada ya dakika moja, iache.

Ikiwa lazima iwe darubini

Kuna mtoto ambaye binokula haitamtosha. Anataka pete za Zohali, na ana haki yake. Kwa huyo, haya ndiyo nimejifunza.

Kwa bajeti ndogo kuna aina mbili za kufikiria. Ya kwanza ni ya lenzi, bomba refu jembamba, kipenyo milimita 70 kwenda juu. Ya pili ni ya kioo, aina aliyoibuni Isaac Newton mwaka 1668, na kwa hela ile ile hukupa kipenyo kikubwa zaidi. Tafuta ile fupi inayokaa juu ya meza, kwenye kitako cha mbao kinachozunguka, isiyo na miguu mitatu. Celestron FirstScope ni mfano wa ndogo ya aina hiyo: kioo cha milimita 76, ilitolewa mwaka 2009 ulipokuwa Mwaka wa Kimataifa wa Astronomia. Ng'ambo inauzwa kwa makumi ya dola. Mwezi inauonyesha vizuri. Kwa sayari usiitegemee sana. Zenye kioo cha milimita 114 au 130, kama Sky-Watcher Heritage 130P, ndizo zinazomfikisha mtoto hadi ukubwani, lakini bei yake huwa mara kadhaa ya hiyo ndogo. Ukiagiza nje, ongeza usafiri, kodi na ushuru kabla hujasema ni rahisi.

Kitako ni nusu ya darubini. Hapa ndipo sisi wengi tunapoliwa. Bomba zuri juu ya miguu mitatu dhaifu ni sawa na gari zuri lisilo na matairi. Ukiwa dukani hapa mjini, mchana, jua likiwa mgongoni kwako, omba kuielekeza kwenye minara iliyo juu ya kilele cha Bondwa. Kama muuzaji hakubali kuifungua, nenda duka jingine. Ukishaiona minara, ligonge bomba kidogo kwa kidole na uhesabu. Picha ikitulia ndani ya sekunde mbili au tatu, endelea kuongea bei. Ukifika tano minara bado inacheza, mshukuru ndugu muuzaji na uondoke.

Usishtuke ukiona minara imepinduka chini juu. Darubini za anga ndivyo zilivyo, na huko juu hakuna juu wala chini.

Pima pia shimo la lenzi ya kutazamia kwa rula. Saizi inayotumika duniani kote ni inchi moja na robo, karibu milimita 32. Ikiwa milimita 24 na ushee, hiyo ni saizi ya zamani ya vifaa vya bei ya chini, na siku lenzi ikipotea hutapata nyingine kwa urahisi.

Mambo ya mlima wetu

Milima ya Uluguru inakamata mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi, ndiyo maana tuna maji na mboga. Lakini mawingu hayo hayo ndiyo yatakayomliza mtoto aliyepewa darubini mwezi wa nne katikati ya masika. Kama unapanga zawadi, iwe mwezi wa sita au wa saba, anga linapokuwa jeupe na usiku ni mrefu. Mwezi wa tisa na wa kumi moshi wa mashamba yanayochomwa huchafua anga, ila alfajiri huwa afadhali.

Walio Bigwa au Kilakala, chini kabisa ya mlima, wajue mlima unameza kipande cha anga la kusini. Sisi wa Kihonda na wenzetu wa Mazimbu tuna uwazi zaidi, ila taa nyingi. Zima taa ya nje, simama nyuma ya nyumba upande usio na taa ya barabarani, na mpe jicho dakika ishirini lizoee giza. Ukiwasha tochi ya simu, umeanza upya.

Unyevu wetu ni adui wa lenzi. Usiku ukiisha usiifunike darubini ikiwa na umande. Iache ndani ya nyumba ikauke, kisha ifunge kwenye boksi pamoja na vile vifuko vidogo vya punje za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu. Na tafadhali, usifute lenzi kwa upindo wa kanga. Vumbi kidogo halizuii kitu, mikwaruzo inazuia.

Mwambie ukweli atakachokiona

Picha za kwenye boksi zilipigwa na mitambo ya mabilioni. Mtoto asipoambiwa mapema, atalia kama wangu. Zohali kwenye darubini ndogo ni kitu kidogo kama punje ya ulezi, lakini ina pete na unaiona kwa jicho lako. Mwaka 2025 pete hizo zilitugeukia ubavu zikawa kama uzi. Tangu hapo zinafunguka tena mwaka hadi mwaka. Mshtarii ni kiduara chenye mistari miwili hafifu na miezi yake minne. Zuhura wakati mwingine ni kama mwezi mwandamo mdogo. Mawingu ya gesi huko mbali ni ya kijivu, hayana rangi.

Kitu cha kwanza kiwe mwezi, lakini usiwe mwezi mpevu. Mwezi mpevu unaumiza macho na hauna vivuli. Subiri tarehe saba hadi kumi ya mwezi wa Kiislamu. Kama huna kalenda hiyo, muulize jirani aliye nayo. Tazama pale mwanga unapokutana na giza. Hapo vivuli ni virefu na milima ya mwezini inasimama kama Lupanga jioni.

Si lazima kila nyumba iwe na yake

Jirani zetu Kenya wametuonyesha njia. Susan Murabana na mumewe Daniel Chu Owen waliichukua darubini moja kubwa wakaizungusha shule hadi shule, wakauita mradi wao The Travelling Telescope. Kwetu, Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kwa miaka mingi amewaeleza Watanzania habari za anga. Huko Marekani, John Dobson alianza mwaka 1968 na wenzake kusimamisha darubini kando ya barabara za San Francisco ili kila mpita njia achungulie bure. Alizitengeneza kwa bomba la karatasi ngumu na mbao za kawaida. Kitako cha aina yake, fundi seremala yeyote wa Morogoro anaweza kukichonga akipewa kipimo.

Kwa hiyo fikirieni. Wazazi kumi wa darasa moja, kila mmoja akitoa kiasi kile kile ambacho angekipoteza kwenye boksi la mara 525, wanapata darubini moja ya maana ya shule, yenye kufuli, daftari la kuazima, na mwalimu mmoja wa kuisimamia. Watoto mia watachungulia, badala ya kumi kulia.

Nilivyomaliza mimi

Ile ya elfu tisini niliitoa miguu yake, leo inashikilia kioo cha kunyolea. Binti yangu hakuomba tena kitu cha anga kwa karibu mwaka mzima. Mimi nilijua sababu.

Halafu mjomba wake akapata binokula ya mtumba, 10x50, mkanda umekatika. Likizo fupi ya mwezi wa tisa tukapanda Mgeta kwa mama. Saa kumi na moja alfajiri mama aliamka kuwasha moto, akamkuta mjukuu wake ameshatoka nje amejifunga blanketi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Unatafuta nini kwenye baridi hii?"

Mama yangu ndiye aliyemwonyesha Kilimia, juu upande wa kaskazini, kile kifungu cha nyota zilizobanana kama kuku na vifaranga. Akamwambia jina lake linatokana na kulima, na kwamba wazee walikuwa wakikitazama ili wajue majira ya shamba. Binti akamuuliza ziko ngapi. Mama akasema sita, yeye siku zote amehesabu sita. Mtoto akampa binokula, akamshikilia viwiko.

Mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe wako ukoo mzima."

Binti yangu alihesabu zaidi ya thelathini, akaziandika kwenye daftari. Asubuhi wakati wa chai aliniambia, kama anayenipa habari ya kawaida, "Mama, macho yangu mazima."

Jirani yangu ameamua kununua daftari kwanza. Mwanawe amekasirika kidogo, lakini jana nilimwona juu ya ngazi ya nyumba yao akichora mwezi. Hela ya kikoba bado ipo.

Tukutane wiki ijayo, wazazi wenzangu. Leo usiku, kabla ya kufunga mlango, toka na mtoto wako mtazame juu dakika tano. Hayo hayana bei.